Nani Alipiga Ile Tarumbeta ya Pili?

Jumapili moja muhula uliopita umeme ulikatika kwetu Malapa, nikaenda Buguruni Sokoni kuchajisha simu kwenye banda la fundi redio mmoja. Fundi mwenyewe ni mzee aliyeshavuka miaka sabini. Banda lake ni kijiwe pia: mbele kuna benchi, vijana wanacheza drafti, na juu ya rafu kuna redio kubwa ambayo haizimwi tangu asubuhi mpaka anafunga. Kama ilivyo kawaida ya Jumapili, kituo kimoja cha FM kilikuwa kinapiga zilipendwa. Wimbo ukafika pale unapochemka, tarumbeta zikaingia, mzee akaweka bisibisi chini na kusema kwa sauti ya kawaida tu, "Hiyo tarumbeta ya pili ni mimi."

Vijana wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mzee, tuoneshe basi hata kava la santuri, jina lako lipo?" Mzee akajibu, "Kava gani, mjukuu wangu? Huo wimbo haujawahi kuwa na kava." Wimbo ulipoisha, mtangazaji akataja bendi iliyoupiga. Akakosea. Mzee hakubishana na redio wala na vijana. Aliokota bisibisi yake akaendelea na kazi.

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili, na tangu mwaka wa kwanza tumeimbishwa kwamba historia ni ushahidi. Sasa hapa kuna mtu anasema alikuwepo, wimbo wenyewe nchi nzima inaujua, na hakuna hata karatasi moja ya kumtetea. Nikiri tu kwamba nami siku ile nilihisi mzee anatupiga kamba. Lakini nilipoanza kufuatilia, nikaona kuwa kukosekana kwa kava hakumpingi mzee hata kidogo. Kunaeleza jinsi muziki ule ulivyotengenezwa. Na maelezo yake yanaanzia si mbali na lile banda, kwenye Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wa Buguruni mpaka leo wanaiita Pugu Road, lilipo jengo la redio ya taifa.

Fomati ni kitu gani?

Tuanze na neno moja ambalo watu wa redio wanalitumia sana. Fomati ya redio ni uamuzi wa nini kipigwe, saa ngapi, mara ngapi, na kwa ajili ya nani. Ukifungua redio saa moja asubuhi ukasikia wimbo uleule uliousikia jana saa moja asubuhi, hiyo siyo bahati mbaya. Kuna mtu ameamua.

Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwenye redio mmoja wa Omaha aitwaye Todd Storz aligundua kwamba watu hawachoki kusikia wimbo wanaoupenda, wanataka urudiwe. Akafupisha orodha ya nyimbo za kituo chake, akabakiza zile zinazopendwa zaidi, na kuzizungusha siku nzima. Ndiyo asili ya fomati inayoitwa Top 40, na redio nyingi tunazosikiliza kwenye daladala leo ni wajukuu wa fikra hiyo.

Lakini fikra ya Storz ina sharti moja ambalo halisemwi: lazima santuri ziwepo tayari. Lazima kuwe na makampuni yanayorekodi, viwanda vinavyochapa santuri na maduka yanayoziuza. Redio inachagua tu kutoka kwenye rafu iliyojaa. Je, rafu ikiwa tupu?

Redio yenye rafu tupu

Tarehe 1 Julai 1951, wakati wa Mwingereza, kituo kidogo kiitwacho Sauti ya Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo kwa Kiswahili. Kilikuwa kweli redio ya mji: mitambo yake ilikuwa dhaifu, sauti yake haikufika mbali na Dar. Mwaka 1956 kikawa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, kwa kifupi TBC. Mwaka 1965 Serikali ikalivunja shirika hilo na kuiweka redio chini ya wizara, jina likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Jina lilikuwa la mji, lakini matangazo sasa yalikwenda kwa masafa ya kati na masafa mafupi, mawimbi yanayosafiri mbali, kwa hiyo mtu wa Kigoma na mtu wa Buguruni walisikia wimbo mmoja kwa dakika ileile. Baadaye, mwaka 2002, ikaunganishwa na televisheni ya taifa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 ikazaliwa Tanzania Broadcasting Corporation. Herufi zikarudi kuwa TBC. Kwa hiyo ukimsikia babu yako anasema TBC na wewe unasema TBC, huenda mnazungumzia vitu viwili vyenye miaka hamsini katikati.

Sasa, redio hii ilikuwa na tatizo ambalo Storz hakuwa nalo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilibidi ipande basi kwenda Nairobi. Waliofanikiwa kufanya hivyo mara kwa mara ndio ambao leo tunaona makava yao. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro ni mfano mzuri, kazi zake nyingi zilitoka kwenye santuri zilizochapwa Kenya. Na hata mlango huo ulikuja kubanwa: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huohuo, na haukufunguliwa mpaka 1983. Hiyo ni miaka sita, na ni miaka ambayo bendi za Dar zilikuwa moto kwelikweli.

Upande wa pili kulikuwa na siasa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, akilalamika kwamba vijana wanajua zaidi dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Katika miaka ya 1970 RTD ikabana muziki wa nje hadi Idhaa ya Taifa ikawa karibu yote ni muziki wa nyumbani. Hapo utaona ugumu wenyewe. Umekataa santuri za nje, na za ndani hakuna anayezichapa. Utapiga nini kuanzia asubuhi hadi usiku?

Jibu la RTD lilikuwa rahisi kulisema na kubwa kulifanya: tutarekodi wenyewe. Redio ikawa studio. Kwa miaka mingi studio ya RTD ndiyo iliyokuwa mahali pakuu pa kurekodi muziki nchini. Kile tunachokiita leo zilipendwa, muziki wa dansi wa NUTA Jazz, Western Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park, Maquis na wengine, kwa sehemu kubwa ni kanda zilizorekodiwa na redio, zikahifadhiwa na redio, zikapigwa na redio. Hazikutengenezwa ziuzwe dukani. Ndiyo maana hazikuwa na kava.

Safari ya wimbo kwenda hewani

Nilirudi kwa mzee wiki iliyofuata. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwalimu, simu imekufa tena?" Nikamwambia safari hii nimekuja na daftari. Alicheka, akaniwekea kigoda, akanieleza jinsi mambo yalivyokwenda wakati akiwa na bendi ya shirika moja la umma, ambalo leo halipo.

Kwanza mashairi. Kabla bendi haijaingia studio, maneno ya nyimbo yaliandikwa na kupelekwa redioni yapitiwe. Lugha chafu, matusi, jambo la kuikera Serikali, vyote vilikatwa. Tukisoma fasihi darasani tunaambiwa mafumbo ni utamaduni wa watu wa pwani, na ni kweli, ni ya zamani kuliko redio yoyote. Lakini kamati ya redio nayo iliyapa mafumbo kazi ya ziada. Mtunzi aliyetaka kusema jambo gumu ilibidi alivishe nguo: aimbe juu ya mke asiyeridhika, au jirani mchoyo, au msafiri aliyesahau kwao, na msikilizaji amalizie mwenyewe nyumbani.

Pili, siku ya kurekodi. "Tulikuwa tunaitwa kwa zamu," mzee alisema. "Ikifika zamu yenu mnakwenda na nyimbo zenu zote mlizozifanyia mazoezi, maana hamjui mtaitwa tena lini." Hakukuwa na mambo ya kurekodi ngoma leo, gitaa kesho, sauti wiki ijayo. Bendi nzima ilikaa chumba kimoja, maikrofoni chache zikapangwa, fundi mitambo akatoa ishara, wakapiga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpiga tarumbeta akikosea dakika ya sita, wote wanarudi mwanzo. Sikiliza tena zile nyimbo ukijua hilo. Ule ushirikiano unaoushangaa, magitaa matatu yanayopishana bila kugongana, ni wa watu wanaopiga pamoja karibu kila usiku wa wikendi kwenye kumbi za Kariakoo, Ilala na Kinondoni, na ambao siku hiyo hawana nafasi ya kukosea.

Tatu, urefu. Santuri ndogo ilikuwa na dakika chache tu kila upande, wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Kanda ya redio haikuwa na mpaka huo. Wimbo ungeweza kwenda dakika saba, nane na zaidi: sehemu ya kwanza ya taratibu inayosimulia kisa, kisha chemko, mahali pa kuinuka kwenye kiti. Redio ilihitaji ile simulizi, ukumbi ulihitaji lile chemko, na kanda iliruhusu vyote.

Nne, na hapa ndipo mzee alipopotelea. Mtangazaji hewani alitaja jina la bendi na jina la wimbo, pengine mtunzi au mwimbaji kiongozi. Hakuna aliyemtaja mpiga tarumbeta wa pili. Halafu bendi zenyewe zilibadilisha majina kadiri wenye bendi walivyobadilika. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC. Wanamuziki nao walihama kama wachezaji wa mpira. Muhiddin Gurumo peke yake aliimba NUTA, akaenda Sikinde, akapita Safari Sound, akarudi Msondo. Kwa hiyo yule mtangazaji wa Jumapili aliyekosea simlaumu sana. Ukisikia sauti ya Gurumo bila kujua mwaka, utabuni tu.

Muziki katikati ya masomo

Wanachuo wa ualimu naomba mnisikilize hapa, maana hii haimo kwenye desa letu la mbinu za kufundishia. Muziki wa RTD haukukaa peke yake. Uliwekwa katikati ya vitu vingine, na vingi kati ya hivyo vilikuwa masomo.

Siku ilikuwa na alama zake. Taarifa ya habari ilitanguliwa na mlio wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyeweza kupiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Kulikuwa na Mkulima wa Kisasa kwa wakulima, Mama na Mwana kwa watoto, michezo ya Pwagu na Pwaguzi, Ugua Pole kwa waliolazwa hospitalini, Mchana Mwema, na Klabu Raha Leo kwa wapenzi wa bendi. Kulikuwa na salamu, ambapo mtu wa Tukuyu aliandika kadi kumsalimu shemeji yake wa Buguruni pamoja na majina ya nusu ya kijiji. Tunawacheka wazee kwa zile salamu, lakini ni kilekile tunachofanya kwenye magrupu ya WhatsApp, isipokuwa wao walisubiri wiki mbili.

Mwaka 1973 redio hii ilibeba kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walijiunga katika vikundi vijijini, wakakaa na kijitabu na kiongozi wa kikundi, wakasikiliza kipindi kwa pamoja, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba na kusafisha visima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Leo tukisikia "elimu masafa" tunafikiria kompyuta na bando. Wenzetu walifanya na redio ya betri chini ya mwembe, na wakaacha vyoo.

Sasa fikiria wimbo unaopigwa baada ya kipindi cha namna hiyo. Lazima uweze kusikilizwa na bibi, na mtoto, na mwenyekiti wa kijiji, wote wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Ndiyo maana nyimbo nyingi za zamani zina mafundisho hadi zinakera: tunza mkeo, usiache shule, rudi kwenu ukalime. Siyo kwamba watu wa zamani walikuwa wema kutuzidi. Redio ilikuwa moja, masikio yalikuwa ya rika zote, na fomati ilikuwa ya mkeka mmoja.

Tusiipake sukari

Nimewahi kubishana kwenye vimbweta na mshkaji mmoja anayeamini kwamba redio ya zamani ilikuwa peponi na ya leo ni takataka. Hapana. Redio moja maana yake ni mlango mmoja. Kamati ikikataa wimbo wako, hakuna pa kwenda. Kijana aliyependa soul ya Marekani ilibidi ahangaike na masafa mafupi kutafuta vituo vya nchi nyingine. Na fedha? Wimbo ungeweza kupigwa mara elfu bila mpigaji kupata kitu kwa kila unavyopigwa. Watu waliishi kwa sababu bendi nyingi zilikuwa za mashirika: chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la mabasi la UDA. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa anayelipwa mshahara. Redio ilimpa jina, mwajiri alimpa unga.

Mpango huo ulisimama kwa miguu miwili, na miaka ya 1990 miguu yote miwili ikakatika karibu kwa pamoja. Mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa au kufa, na bendi nyingi zikafa nayo. Na mwaka 1993 ikapitishwa Sheria ya Huduma za Utangazaji iliyoruhusu watu binafsi kumiliki redio. Mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani. Baadhi ya sauti zilizozoeleka RTD, kama Julius Nyaisanga na Charles Hilary, zikahamia huko. Miaka michache baadaye Clouds FM ikafuata, kisha nyingine nyingi.

Redio mpya zilikuja na FM. FM ina sauti safi, ila haisafiri mbali kama masafa ya kati. Kwa hiyo redio ikarudi kuwa ya mji, kama ilivyokuwa mwaka 1951, na ikaanza kuongea kama mji: haraka, kwa utani, kwa lugha ya kitaa. Mkeka mmoja ukakatwa vipande. Kituo hiki cha vijana, kile cha dini, kile cha taarab na mipasho, kingine cha mpira. Vijana waliokuwa wakirap kwa Kiswahili, ambao huenda wasingepenya kwenye kamati ya zamani, wakapata vipindi vyao. Hata jina Bongo Flava linahusishwa na mtangazaji wa Radio One, Mike Mhagama, katikati ya miaka ya 1990. Bila mlango ule kufunguliwa, pengine nusu ya nyimbo zilizo kwenye simu yako zisingekuwepo.

Lakini kuna kitu kilibadilika kimyakimya, na kwangu mimi ndicho kikubwa kuliko vyote. RTD ilirekodi ndipo ikapiga. Redio mpya hazikuwa na sababu ya kurekodi, zilipiga kinacholetwa mlangoni. Gharama ya studio ikahama kutoka kwa redio kwenda kwa msanii. Zamani bendi ya watu kumi na tano iliingia studio bila kulipa. Leo watu kumi na tano ni gharama ambayo kijana wa Buguruni hawezi kuibeba, ila prodyuza mmoja na kompyuta anaweza. Tunasema vijana wameacha magitaa kwa uvivu. Piga hesabu kwanza. Aliyekuwa analipia magitaa ameondoka.

Na muda nao umekatwa. Redio inayoishi kwa matangazo ya biashara inauza dakika. Wimbo wa dakika nane wenye kisa kirefu ni dakika tano za matangazo zilizopotea. Kwa hiyo simulizi imekatwa, limebaki chemko.

Jina ni hela

Turudi kwenye lile banda. Mwaka 1999 ilitungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na kwa sheria hiyo ikaundwa COSOTA. Wengi tunajua neno la kwanza tu. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya wale walioutekeleza wimbo, waliouimba na kuupiga. Kwa maneno mengine, sheria yetu inakubali kwamba tarumbeta ya pili ni mtu. Ila ili umpe mtu haki yake ni lazima ujue ni nani, na kwa maelfu ya kanda zilizorekodiwa kwa jina la bendi tu, wanaojua ni wale waliokuwemo chumbani. Kila msiba mmoja unafuta majina kadhaa.

Kanda zenyewe nazo zinachakaa. Zipo juhudi za kuzihamishia kwenye kompyuta, na nyimbo nyingi tayari zinazunguka mitandaoni zikiwa na picha ya machweo na jina la bendi lisilo sahihi. Kuokoa sauti ni kazi ya mitambo. Majina hayaokolewi na mtambo wowote, lazima mtu akae na mtu amuulize.

Kwa hiyo siku ile ya pili sikuishia kusikiliza. Nilimwomba mzee anitajie kila aliyekuwa studio siku ule wimbo uliporekodiwa, akaanza kuhesabu kwa vidole kufuata walivyokaa: huku magitaa, pale tumba, nyuma yetu drams, waimbaji mbele. Yalifika majina kumi na moja. Mawili alikumbuka ya utani tu. Saba wameshafariki. Niliyaandika kwenye kaunta buku, nikaweka mwaka anaoukumbuka na jina la bendi kama lilivyokuwa mwaka huo, akalisoma tena taratibu kwa miwani yake na kunisahihisha herufi mbili.

Haikunichukua hata saa mbili. Chuo chetu kina wanafunzi wa Historia wanaohangaika kila mwaka kutafuta mada ya utafiti, mpaka tunarudia mada za kaka na dada zetu na kubadilisha jina la wilaya. Na Dar hii, kuanzia Buguruni hadi Temeke na Kinondoni, ina wazee waliopiga besi, waliopuliza saksafoni, mafundi mitambo wastaafu, watangazaji, kina mama waliocheza shoo. Wanauza mkaa, wanatengeneza redio, wanakaa barazani. Hawahitaji tuwachangie, wanahitaji mtu mwenye daftari kabla hatujachelewa. Ningependa serikali yetu ya wanafunzi ilifanye hili liwe zoezi la likizo: kila anayeweza, mzee mmoja, wimbo mmoja, majina yote.

Jumapili iliyopita nilipita tena pale sokoni. Zilipendwa zilikuwa zinapigwa, mzee ameinamia kazi yake, drafti inaendelea. Yule kijana aliyeuliza kava alisogeza kete yake, akasikiliza kidogo, kisha akageuka. "Mzee," akasema, "na huyu wa gitaa la besi ni nani?"